Mwezi Upo, Lakini Je, Unaonekana?

"Ule pale, Mjomba! Juu ya lile jahazi, kulia kidogo!"

Mpwa wangu alikuwa amenishika bega, mkono wa pili ameunyoosha kuelekea bara. Tulikuwa ufukweni, upande wa magharibi wa Unguja, jioni ya tarehe 29 Shaabani, tukiutafuta mwezi wa Ramadhani. Jua lilikuwa limeshazama. Watu wamejipanga mchangani, wazee kwa vijana, wote wameelekea upande mmoja. Nilikifuata kidole chake. Jahazi nililiona. Wingu jembamba lililolala juu ya bara nililiona, na juu yake anga iliyokuwa ikiacha umanjano na kuingia kwenye buluu nzito. Mwezi sikuuona.

Mzee mmoja aliyesimama karibu yetu, mvuvi wa miaka mingi, alikaza macho kwa muda, kisha akatikisa kichwa. "Pale hapana kitu, mwanangu."

"Wallahi nauona, babu. Mwembamba, lakini nauona."

Haukupita muda hata yeye akawa haoni tena. Wapo waliomcheka, wapo waliomhimiza aende akatoe ushahidi. Hakwenda. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa kimya, na tulipokaribia mlangoni akaniuliza: "Mjomba, unaniona mwongo?"

Nilimjibu kwamba simuoni mwongo, na nilimaanisha. Lakini yule mzee pia sikumwona mwongo.

Hapo ndipo nilipokwama. Swali lile lilikaa nami Ramadhani nzima, likavuka na Idi, na bado nikawa nalirudia kila nikitazama magharibi jioni.

Maswali mawili kwa mpigo mmoja

Sitaingia kwenye ubishi wa mwandamo wa kitaifa na mwandamo wa kimataifa, yaani kama tufuate mwezi ulioonekana nchini mwetu au ulioonekana popote duniani. Ubishi huo una wenyewe na hoja zake tunazijua sote. Kilichonisumbua mimi kiko nyuma ya ubishi huo: watu wawili wenye macho mazima, wasio na sababu ya kudanganya, wanatazama sehemu moja ya mbingu kwa dakika ileile. Inakuwaje mmoja aone na mwingine asione?

Nilipoanza kusoma nikatambua kwamba tunapouliza kama mwezi umeandama, tunauliza mambo mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza, mwezi uko wapi? La pili, je, mwanga wake unaweza kufika kwenye jicho la mtu na ukatambulika?

La kwanza halina utata wowote. Kutoka mwezi mpya mmoja hadi mwingine, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Dakika ambayo mwezi na jua vinakutana upande mmoja wa mbingu hujulikana miaka mingi kabla haijafika, na kila jua linapopatwa tunaletewa ushahidi wa wazi, maana kupatwa kwa jua ni mwezi huohuo kupita mbele ya jua. Tarehe 29 Machi 2025 jua lilipatwa kwa sehemu, likaonekana hivyo Ulaya na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Kwa saa zetu, mwezi na jua vilikutana karibu saa 8 mchana. Jua lilipozama Zanzibar, kama saa 12 na nusu jioni, mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu tu, umejitenga na jua kwa nyuzi chache mno za pembe. Mwezi ulikuwepo. Hakuna jicho la binadamu ambalo lingeweza kuuona.

Kuwepo na kuonekana vilitengana kabisa siku ile, mchana kweupe, na yeyote mwenye kalenda ya falaki angeweza kujua.

Ugumu wote uko kwenye swali la pili. Ni swali la mwanga, la hewa na la jicho.

Buluu iko upande wetu

Kuna jambo unaloweza kulihakikisha mwenyewe wiki moja baada ya mwandamo, alasiri, wakati mwezi wa nusu unaonekana juu huku jua bado liko. Tazama ile nusu isiyo na mwanga. Ina rangi gani?

Ni buluu. Buluu ileile ya anga inayouzunguka mwezi.

Nilikuwa nimeuona mwezi wa mchana tangu utotoni bila hata siku moja kujiuliza kuhusu hilo. Upande wa mwezi usiopigwa na jua una giza. Ungetegemea uonekane mweusi. Hauonekani hivyo kwa sababu buluu ya anga haiko nyuma ya mwezi, iko mbele yake. Mwezi uko mbali kilomita 384,000 kwa wastani, na hewa yetu karibu yote imebanwa kwenye kilomita chache juu ya vichwa vyetu. Mwanga wa jua unapoingia kwenye hewa hiyo, molekuli zake huutawanya kila upande. Mwingereza aliyefahamika kama Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1871 kwamba mawimbi mafupi ya mwanga hutawanywa kwa nguvu zaidi kuliko marefu, kiasi kwamba buluu hutawanyika karibu mara sita ya nyekundu. Ndiyo maana mbingu ni buluu. Na ndiyo maana mtu anayeutafuta mwezi mchanga ni sawa na anayemtafuta mtu nyuma ya pazia jeupe lililopigwa na jua: tatizo halitokani na giza, linatokana na mwanga uliozidi.

Jambo hili si geni katika elimu yetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri, aliandika kitabu chake cha elimu ya kuona mwanzoni mwa karne ya 11. Ndani yake anaeleza kwamba nyota zinazoonekana usiku hazionekani mchana ingawa hazijaondoka mahali pake, na kwamba kilichobadilika ni hewa iliyo kati yetu na nyota, ambayo mchana inakuwa imejaa mwanga. Nilisoma hoja hiyo mara mbili. Miaka elfu moja iliyopita alishalitenga swali la kuwepo na swali la kuonekana, nasi bado tunayachanganya kila Shaabani.

Uzi uliokatika

Nilikuwa nikidhani kwamba mwezi wenye asilimia moja ya uso wake uliomulikwa una asilimia moja ya mwanga wa mwezi mpevu. Inaingia akilini. Ukweli ni mkali zaidi.

Uso wa mwezi ni mawe na vumbi jeusi. Kwa ujumla hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, na mng'ao tunaousifia usiku unatokana na kuuweka uso huo mbele ya giza tupu. Juu ya hapo una milima, mashimo na vumbi lenye mikwaruzo, na jua linapoupiga kwa ubavu kila kijiwe kinatupa kivuli. Hata mwezi wa nusu una mwanga wa takriban moja ya kumi tu ya mwezi mpevu. Mwezi mchanga unapigwa na jua karibu kutoka nyuma yake, kwa hiyo vivuli vinaumeza zaidi.

Mwanafalaki Mfaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alikusanya habari za miezi michanga akaona kitu cha ajabu. Kwa hesabu, ukingo unaong'aa unapaswa kuzunguka nusu nzima ya duara, kutoka ncha hadi ncha. Lakini kadiri mwezi unavyokuwa karibu na jua, ncha zake zinazidi kufupika. Alipozifuata takwimu zake kurudi nyuma, alikuta kwamba mwezi ukiwa umejitenga na jua kwa nyuzi 7 hivi, urefu wa ukingo huo unafikia sifuri. Uzi haupo tena wa kuuona.

Mpaka huo umejadiliwa sana tangu wakati wake, na vyombo vimeuvuka. Tarehe 8 Julai 2013 mpigapicha Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi dakika ileile ya kukutana kwake na jua, mchana, kwa darubini iliyokingwa isipate mwanga wa jua moja kwa moja na kamera iliyotumia miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Mwezi ulikuwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Ulikuwa ndio mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Ni uzi mmoja, mwembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukiita mwembamba, juu ya buluu tupu.

Lakini kamera iliusaka kwa hesabu ikijua pa kutazama, kisha picha ikachambuliwa. Jicho la mtu aliyesimama mchangani halina msaada huo. Kwa macho matupu, mwezi mchanga zaidi unaotajwa na kukubaliwa na wengi ni ule ulioonwa na Mmarekani Stephen O'Meara mwaka 1990, wenye umri wa saa 15 na nusu. Huyo ni mtazamaji wa mbingu mwenye macho yanayosifika duniani kote.

Nikakokotoa mwezi wa jioni yetu. Ulikuwa na umri wa saa 19 hivi, na umejitenga na jua kwa nyuzi 9 na ushei.

Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa ametaja jambo lisilowezekana.

Wala halikuwa jambo jepesi.

Dakika ya kumi na sita

Baada ya hapo nilitaka kujua ni dakika gani hasa alipaswa kuuona, na jibu lilinishangaza kuliko yote.

Jua linapogusa upeo wa macho, kwa hesabu tayari limeshazama lote. Hewa huupinda mwanga wake na kulinyanyua kwa kiasi cha zaidi kidogo ya nusu nyuzi, ambayo ndiyo karibu upana wa jua lenyewe. Tunachokitazama dakika zile za mwisho ni jua lililokwisha kwenda. Na likishapotea machoni, hewa ya juu bado inapigwa na miali yake, kwa hiyo mbingu inaendelea kung'aa.

Hapo mashindano yanaanza. Kila dakika anga inazidi kuwa nyeusi, na hilo linausaidia mwezi. Kila dakika mwezi unazidi kushuka, na hilo linauponza, kwa sababu karibu na upeo wa macho mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Kitu kilicho nyuzi 5 juu ya upeo wa macho mwanga wake unavuka hewa takriban mara kumi ya ile ya utosini. Kwetu pwani hewa hiyo ina mvuke, ina chembe za chumvi ya bahari, na miezi ya ukame ina moshi na vumbi kutoka bara.

Ukitazama mapema mno, pazia bado linawaka. Ukichelewa, mwezi umeshazama kwenye ukungu.

Mwingereza Bernard Yallop, aliyekuwa ofisi ya kalenda za falaki na ubaharia ya nchi yake, alipanga kanuni mwaka 1997 kutokana na taarifa 295 za utazamaji. Mojawapo ya mambo aliyoyaweka ni dakika bora ya kutazama: chukua muda kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa mwezi, ugawe mara tisa, na uhesabu sehemu nne baada ya jua kuzama. Jioni yetu mwezi ulizama dakika 36 hivi baada ya jua. Sehemu nne kati ya tisa ni dakika 16.

Dakika ya kumi na sita. Sasa fikiria ufukwe wetu unavyokuwa. Jua likizama tu, kila mtu anakaza macho kwa hamu yake yote, wakati ambao mbingu ni ang'avu kupita kiasi. Adhana ya Magharibi inasikika. Wengi wanaondoka kwenda kuswali jamaa, na ndivyo inavyotakiwa. Wanaporudi, kama wanarudi, mwezi umeshaingia kwenye hewa nzito. Dakika zile za katikati, zenye nafasi kubwa kuliko zote, ufukwe huwa karibu mtupu. Wale tuliokuwa tumeswali hapohapo mchangani, safu moja fupi, ndio tuliokuwa bado tunatazama. Mpwa wangu alipiga ukelele baada ya sala, sio kabla.

Kuna jambo la kijiografia linaloongeza ukali. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo utusitusi wetu ni mfupi. Kutoka jua kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, sisi tunapata dakika 21 au 22. Mtu wa London mwezi Juni anapata zaidi ya mara mbili ya hizo. Njia ya mwezi nayo kwetu husimama wima kuliko kwao, na hiyo ni neema: mwezi unakuwa juu kweli ya mahali jua lilipozamia, haulali ubavuni mwa upeo wa macho. Hiyo ndiyo sababu mwezi mchanga wa huku unalala chali, pembe zikitazama juu. Tumepewa mwezi ulio juu zaidi na muda mchache zaidi wa kuutazama.

Jicho lisilo na pa kushika

Nilimrudia yule mzee mvuvi. Nilimkuta anashona nyavu, nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka: yeye huutafutaje mwezi?

Akasema hatazami mbinguni kwanza. "Natazama tanga la mbali, lile la mwisho kabisa. Nikishalipata sawasawa, ndipo napandisha macho. Ukianza na mbingu tupu macho yanalala."

Macho yanalala. Nilipokuja kusoma juu ya jicho nikakuta marubani wanafundishwa jambo hilohilo. Jicho likiwekwa mbele ya anga isiyo na alama yoyote, misuli yake haibaki imeelekezwa mbali. Hujirudisha kwenye umbali wa karibu, mita moja au zaidi kidogo, kwa sababu haina pa kushika. Uzi mwembamba wa mwanga ukitazamwa na jicho la namna hiyo unatanuka na kufifia, na kwa kuwa tofauti yake na anga ni ndogo tangu mwanzo, unapotea kabisa. Mtu anaweza kuwa anautazama mwezi wenyewe na asiuone, kisha ndege ikapita, jicho likashika, mwezi ukajitokeza kwa sekunde mbili, halafu ukaondoka tena.

Hilo lilinieleza kwa nini mpwa wangu aliuona kisha akaupoteza. Alisema "juu ya lile jahazi". Jahazi lilikuwa limelishika jicho lake.

Na mzee? Yeye anajua mbinu kuliko sisi sote. Lakini miaka inafanya kazi yake ndani ya jicho. Mboni ya mzee haitanuki tena kama ya kijana utusitusi unapoingia, na lenzi yake imeanza kuwa ya manjano, inatawanya mwanga badala ya kuupitisha safi. Mbele ya anga inayong'aa, utawanyaji huo mdogo unatosha kuufuta uzi. Kwa hiyo alikuwa na elimu yote na akakosa kitu kimoja ambacho hakuna elimu inayokirudisha. Sikumwambia hivyo. Nilimsaidia kushika nyavu.

Upande mwingine wa shaka

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpa mpwa wangu ushindi. Nilitamani sana.

Lakini kuna jambo lililonikalia vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani LeRoy Doggett na Bradley Schaefer waliandaa jioni za kuutazama mwezi mchanga Amerika Kaskazini, wakakusanya taarifa kutoka kwa watazamaji wengi waliokuwa wametawanyika nchi nzima. Hawa hawakuwa wanangoja kufunga wala kufungua. Hawakuwa na haraka wala hamu ya kuwa wa kwanza. Na bado miongoni mwao walikuwemo walioripoti kuuona mwezi katika mahali na wakati ambao haungeweza kuonekana, na hawakuwa wachache wa kupuuzwa.

Watu wakweli. Waliona kitu.

Kinaweza kuwa moshi wa ndege iliyopita juu ukipigwa na jua. Kinaweza kuwa ukingo wa wingu. Inaweza kuwa sayari ya Zuhura, ikiwa mtu hajui ilipo. Mara nyingine ni jicho lenyewe: ukilikazia mahali pamoja kwa muda mrefu, ukijua umbo unalolitafuta, ubongo unaweza kukuchorea umbo hilo. Anayelitafuta umbo la hilali kwa moyo wake wote ndiye aliye tayari zaidi kuchorewa.

Nikamwita mpwa wangu, nikamuuliza upya, safari hii bila kumwongoza. Ulikuwa wapi, ukilinganisha na pale jua lilipozamia? Upande gani uliong'aa? Akasema ulikuwa kulia kwa machweo, umelala, na upande unaong'aa uko chini, umeinamia kushoto kidogo.

Februari na Machi, kwetu, njia ya mwezi inaelemea kaskazini kutoka kwenye machweo. Ukiwa umeelekea magharibi, kaskazini iko kulia kwako. Na upande unaong'aa siku zote huelekea jua, kwa hiyo chini na kushoto. Alieleza sawasawa na hesabu.

Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba amezaliwa hapa, ameiona miezi ya siku mbili na siku tatu kila Machi ya maisha yake. Ubongo wake una picha sahihi ya kumchorea.

Nimebaki hapo. Siwezi kukuapia kwamba aliuona. Siwezi pia kukuapia kwamba hakuuona. Kwa kanuni ya Yallop, mwezi wa jioni ile uliangukia kwenye madaraja ya katikati, pale ambapo unaonekana hali ya hewa ikiwa safi kabisa, au unahitaji darubini ndogo kwanza ili kuupata. Kanuni yenyewe, iliyojengwa kwa ushahidi wa miaka mingi, inapofika hapo inasema: huenda.

Rai ya al-Subki

Kuna watu wanaodhani kwamba kuleta hesabu ni kuleta mambo mapya. Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yetu ya pwani hii, aliyefariki Misri mwaka 1355, alishika rai kwamba ikiwa hesabu ya uhakika inaonyesha mwezi hauwezi kuonekana, basi shahidi anayedai kuuona hakubaliwi, kwa kuwa hesabu ni ya yakini na ushahidi wa mtu unaweza kuwa na makosa. Wapo wanavyuoni wa Shafi waliompinga, na mimi si wa kuamua baina yao.

Ninachokiona ni jinsi rai hiyo inavyokaa sambamba na tabia ya mwanga. Jioni nyingine, kama ile ya 29 Machi 2025, hesabu inasema hapana, na hapana hiyo ni imara. Jioni nyingine mwezi una umri wa saa 40, uko juu, na mtoto mdogo atauona. Baina ya hizo kuna ukanda mwembamba wa shaka. Ukanda huo ndio uwanja halali wa macho, wa mashahidi, wa kuulizana kwa upole. Nadhani maneno yetu mengi makali yanatoka kwa kutojua jioni ya leo iko kwenye ukanda upi.

Jioni mbili baada ya ile ya 29 Shaabani tulikuwa tumetoka tena. Mwezi ulikuwa wazi kwa kila mtu, na ndani ya pembe zake ule upande wa giza ulikuwa unaonekana kwa mbali, kijivu. Mwanga huo ni wa dunia: unatoka kwenye jua, unapiga upande wa dunia wenye mchana, unaruka hadi mwezini na kurudi kwetu. Leonardo da Vinci alilieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 16. Jioni kwetu, upande wenye mchana ni magharibi yetu, kwa hiyo tulikuwa tunatazama mwanga wa mawingu ya Kongo, wa Bahari ya Atlantiki na wa Brazili, ukiwa umekwenda hadi mwezini na kurudi kwa sekunde mbili na nusu hivi. Mzee mvuvi alikuwepo. Nilimweleza. Akautazama mwezi muda mrefu, akasema: "Subhanallah, hata Kongo?"

Andikeni hata msipoona

Nimemwambia mpwa wangu nilichokipata, pamoja na ile sehemu asiyoipenda. Alisikiliza, akauliza kama mwezi ujao tunaweza kujua dakika bora kabla ya kutoka. Tunaweza. Ameshatengeneza daftari.

Ndani yake kuna mahali pa kuandika saa ya jua kuzama, dakika alipouona mwezi na dakika alipoupoteza, kulia au kushoto kwa machweo, pembe zimeelekea wapi, wingu lilikuwa wapi, na nani alikuwa pembeni yake na yeye ameona nini. Nimemsisitizia aandike pia jioni anazotoka na kurudi mikono mitupu. Taarifa za waliotazama wakakosa ni miongoni mwa zile zilizotumika kuchora mipaka ya kanuni za leo, maana bila hizo usingejua ukanda wa shaka unaanzia wapi. Ushahidi mwingi wa namna hiyo umetoka latitudo za mbali na sisi, kwenye utusitusi mrefu na hewa kavu. Kutoka nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye hewa hii yenye chumvi, uko mchache.

Kwa hiyo nawaomba mnaotoka Tanga, Mombasa, Lamu, Pemba, Kilwa: mkienda kutazama, bakieni hadi dakika ya kumi na sita au ishirini, shikeni kitu cha mbali kwa macho kwanza, na muandike. Aliyeandika "nilitazama kuanzia saa 12:35 hadi saa 12:58, mbingu ilikuwa safi, sikuuona" ametoa ushahidi kamili.